Mpaka Waachie Laini

Siku ya tisa bila mtandao ilimkuta Penina Mazengo amekaa sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye mguu wa meza yake ya kazi, simu ameibana kwa bega. Tangu saa tano asubuhi alikuwa akisikilizishwa kinanda. Kila baada ya muda kinanda kilinyamaza, sauti ya msichana ikamwambia kwamba simu yake ni muhimu sana kwao, halafu kinanda kikaanza upya.

Saa saba na robo mchana akapokelewa na mtu.

"Huduma kwa wateja, naitwa Joha. Nikusaidie nini?"

"Dada Joha, nakuomba usikate." Penina aliinuka kama vile kusimama kungemsaidia. "Naitwa Penina Mazengo, niko Nkuhungu. Siku tisa zilizopita niliomba mnifungie huduma kwa sababu nahamia kampuni nyingine. Mkanikatia siku ileile. Ila laini yenyewe hamjaiachia, na hawa wapya wanasema hawawezi kuniunganisha mpaka muiachie."

"Pole sana, dada. Naona hapa ombi lako limepokelewa."

"Limepokelewa siku tisa zilizopita."

"Ndiyo, linashughulikiwa."

"Linashughulikiwa na nani?"

"Na kitengo husika."

"Basi niunganishe na hicho kitengo husika."

"Kitengo hakipokei simu za wateja, dada."

Penina alifumba macho. "Sikia. Nirudisheni. Nimeghairi kuhama. Niwashieni mtandao wenu, nitakaa nao hivyohivyo."

"Ili ughairi, dada yangu, inabidi lile ombi la kwanza likamilike kwanza. Kuna kingine naweza kukusaidia?"

Hakukuwa na kingine.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na riziki yake yote ilipita kwenye waya mmoja mwembamba uliotoka nguzoni nje ya geti. Penina alikuwa mkalimani. Hakuwa wa kumbi za mikutano. Alikuwa akijifungia chumbani kwake, akavaa visikilizi masikioni, na kupitia kompyuta akawasemea wagonjwa wa ughaibuni waliojua Kiswahili peke yake mbele ya madaktari wasiokijua. Kazi hiyo ilimwezesha kukaa nyumbani, na kukaa nyumbani hakukuwa hiari. Mama yake, Mama Gerson, alipigwa na kiharusi miezi mitatu baada ya kumzika mumewe. Upande wote wa kulia ukalala. Siku moja tu Penina alimwacha peke yake kwa saa moja, akarudi akamkuta ameanguka mlangoni mwa choo, kanga imemvuka, analia bila sauti. Tangu siku hiyo hakumwacha tena. Dada wa kazi alikuwa amekwenda msibani kwao, na kaka yake Gerson alifanya kazi Chemba, akija Jumamosi kwa Jumamosi.

Kilichomfanya ahame kampuni ni mama mmoja mjamzito. Mtandao wa zamani ulikuwa ukikatika kila upepo ukivuma, na Dodoma kuanzia Julai upepo haupumziki. Siku hiyo mgonjwa alikuwa mwanamke kijana aliyefunga kitenge kichwani, na alimtazama Penina kwenye kioo cha kompyuta kama anayemtazama ndugu yake.

"Dada, mwambie daktari," alisema, "tangu juzi jioni mtoto..."

Picha ikaganda, mdomo wa yule mwanamke ukiwa wazi. Penina akaita, akazima, akawasha. Mtandao uliporudi kikao kilikuwa kimeshapewa mkalimani mwingine. Mpaka leo hakujua tangu juzi jioni mtoto alikuwa amefanya nini.

Baada ya hapo akatokea kijana wa mauzo wa kampuni mpya, amevaa fulana inayong'aa, akamwambia, "Saa arobaini na nane tu, dada. Hata hutahisi kama umehama." Penina akajaza fomu. Na sasa hakuwa na wa zamani wala mpya, na kwenye simu yake kulikuwa na ujumbe wa Batholomeo, msimamizi wake aliyekuwa Arusha, ujumbe alioujua kwa moyo: *Penina, nimekutetea mpaka nimechoka. Alhamisi saa kumi kamili jioni wanapima laini yako na kukupa mgonjwa mmoja. Mtandao wa simu hawaukubali, wanataka waya na chumba chenye mlango wa kufunga. Ukikosekana jina linatoka kwenye orodha. Si mimi ninayelitoa, ni mfumo.*

Leo ilikuwa Alhamisi.

"Penina!" Mama Gerson aliita kutoka sebuleni, maneno yakitoka nusu kwa sababu ya mdomo uliopinda. "Kuna gari getini!"

Penina alitoka mbio na kanga ya jana, kichwani kitambaa cha kufanyia usafi. Pikapu nyeupe ilikuwa imesimama nje, ngazi imefungwa juu yake. Mwanaume aliyevaa fulana ya kampuni mpya alikuwa amempa mgongo, akifungua kamba.

"Jamani, fundi! Karibu! Mungu amekuleta!"

Mwanaume hakugeuka mara moja. Mkono wake ulitulia kwenye kamba.

"Habari za siku nyingi, Penina," alisema.

Sauti ilimfikia kabla ya uso. Penina alishika chuma cha geti, na chuma kilikuwa cha moto kwa jua la saa nane, lakini hakukiachia. Kisha mwanaume akageuka, naye ni Athuman. Athuman wa Kolo. Athuman aliyekuwa akimsubiri nje ya maktaba ya chuo na karanga za kukaanga kwenye karatasi ya daftari, miaka sita iliyopita. Alikuwa amenenepa kidogo mabegani. Pale juu ya sikio palikuwa na nywele chache nyeupe ambazo Penina hakuzijua, na kutozijua huko kulimuuma kuliko alivyotegemea.

"Ni wewe," alisema tu.

"Kwenye fomu wameandika P. Mazengo. Kina Mazengo Dodoma hii ni wengi, nikajipa moyo." Athuman alitazama viatu vyake. "Nilipoona nyumba nimekaa kwenye gari dakika kumi. Nikasema nimpigie mwenzangu aje yeye. Halafu nikaona kwenye fomu umeandika 'haraka' mara tatu."

Penina alijikumbuka, akavuta kitambaa kichwani. "Karibu ndani."

Mama Gerson alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na dirisha. Alimwona kijana akivua viatu mlangoni, na jicho lake la kushoto, lile zima, likakaza.

"Shikamoo, mama," Athuman alisema, ameinama.

Saa ya ukutani ilisikika ikigonga. Mama Gerson aligeuza uso dirishani.

"Mwambie afanye kilichomleta," alimwambia Penina, kama vile kijana hajui Kiswahili.

Athuman akafanya kilichomleta. Alipitisha waya mpya ukutani, akafunga ruta juu ya meza ya Penina, akatoka akapanda nguzo. Penina alisimama chini ameshika ngazi ingawa haikuhitaji kushikwa. Upepo ulimpeperushia vumbi machoni. Aliona soli za buti za Athuman, na mkono wake ukifungua kisanduku cheusi kule juu, na akakumbuka kwamba mkono huo ulikuwa na kovu la panga la utotoni chini ya kidole gumba. Alitamani kuliona kama bado lipo. Akajikemea. Saa nane na dakika hamsini.

Athuman alishuka taratibu.

"Hawajaiachia," alisema.

"Najua hawajaiachia! Ndiyo maana nimekuita."

"Ofisini nimeambiwa wameshaiachia, ndiyo maana nimekuja. Kisanduku kina matundu manane, Penina, na yote yamejaa. La nyumba yako ni la nne. Waya wa wale wa zamani bado umo, na kwenye mfumo tundu bado ni lao."

"Si wamenikatia wenyewe? Huo waya haupitishi kitu. Uchomoe, uchomeke wa kwako."

"Nguzo si yetu, kampuni zote tunaikodi. Fundi akigusa tundu ambalo halijaachiwa anafukuzwa kazi kabla hajashuka ngazi. Wenzangu wawili wameondoka hivyo mwaka huu."

"Athuman, nina saa moja na dakika kumi." Akamweleza yote, saa kumi, Batholomeo, mama mjamzito na mtoto wake, dawa za mama. Alieleza haraka, bila mpangilio, akishika mkono wa fulana ya Athuman bila kujua kama ameushika. Athuman alisikiliza, na alipomaliza alisema kwa upole, "Ngoja nimpigie mkubwa wangu aombe ruhusa."

Neno hilo ndilo lililoharibu.

"Ruhusa," Penina alisema. Aliuachia mkono wa fulana. "Wewe siku zote ni mtu wa kungoja ruhusa."

"Umesemaje?"

"Umenisikia. Ulingoja ruhusa ya baba, ukangoja ruhusa ya mama, ukangoja wazee wako wapange siku. Ungeniambia tuondoke, ningeondoka. Na kandambili tu miguuni ningeondoka! Lakini wewe ukangoja, halafu siku moja nikasikia umehamia Mbeya."

Athuman alifunga mkasi wake wa waya, akauweka mfukoni. Hakupandisha sauti, na hilo lilimtisha Penina kuliko kama angefoka.

"Wazee wangu walitoka Kolo mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza baba yako hakuwapa hata kiti. Hawakukasirika, wakasema mzee wa kanisa ana haki ya kumwonea uchungu binti yake. Mara ya pili waliwekwa sebuleni pale, wewe ukaitwa. Baba mdogo Masudi alirudi akanieleza neno kwa neno. Baba yako alikuuliza, je, huyu Athuman unamfahamu? Ukajibu, simfahamu. Ungesema simtaki, Penina, ningelia nikanyamaza. Ulisema simfahamu. Miaka mitatu ya kuwa pamoja, nimeijua mpaka ndoto yako ya kuogopa ngazi. Simfahamu."

Upepo ulipiga geti, likajifunga, likafunguka.

"Baba alikuwa amekaa mbele yangu," Penina alisema kwa sauti ndogo.

"Najua."

"Mama alikuwa amenishika mkono hapa. Alinibana mpaka kucha zikaingia. Nilifungua mdomo niseme namfahamu, Athuman, nakuapia, na likatoka lile."

"Najua. Nilijua siku ileile. Ndiyo maana sikurudi kukuuliza. Sikutaka nikuone ukirudia."

Penina alijifunika uso kwa kanga. Alipoifunua, Athuman hakuwa mbele yake. Alikuwa ameshafika katikati ya ngazi.

"Unafanya nini? Athuman! Shuka!"

Hakujibu. Alifungua kisanduku, akachomoa waya wa nne, akachomeka wake, akafunga, akashuka. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Kaangalie ndani," alisema.

Walikimbia pamoja mpaka chumbani. Kwenye ruta taa mbili zilikuwa za kijani. Ya tatu, ndogo, ya mwisho, ikawaka nyekundu. Walisimama bega kwa bega wakiitazama. Penina alihisi joto la mkono wake kando ya wake, na harufu ya jua na sabuni ya kufulia, akawa haombi tena mtandao tu. Dakika tatu. Dakika tano. Nyekundu.

"Mfumo umeikataa," Athuman alisema hatimaye. "Makao makuu yao bado wanaandika kwamba wewe ni wao. Hapo mkono wangu haufiki."

"Umehatarisha kazi yako bure."

"Si bure," alisema bila kumtazama. Kisha akaangalia saa. "Sikia. Ofisi yetu mjini ina chumba kidogo cha mafunzo, kina waya na mlango wa kufunga. Kwa gari ni dakika ishirini. Tukiondoka sasa tunawahi."

"Na mama?"

"Tunakwenda naye."

Penina alitoka sebuleni akapiga magoti mbele ya kiti cha magurudumu. Mama Gerson alisikiliza mpaka mwisho, jicho likienda kwa binti yake, likienda mlangoni alikosimama Athuman.

"Gari lenyewe ni lipi?" aliuliza.

"Ni ile pikapu, mama."

"Ile iko juu. Nitapandaje?"

Wote watatu walijua. Penina peke yake asingeweza kumwinua mama yake mpaka kwenye kiti cha pikapu. Kazi hiyo aliifanya Gerson, naye Gerson alikuwa Chemba. Ingebidi Athuman ambebe mikononi, kama anavyobebwa mtoto, amtoe sebuleni mle alimokataliwa, ampitishe getini majirani wakiona.

"Mama, nitakubeba kwa heshima," Athuman alisema. "Kama ninavyombeba mama yangu."

"Hapana," Mama Gerson alimwambia binti yake.

"Mama, nakuomba," Penina alisema.

"Mume wangu alikufa hajambariki mtu huyu. Leo nife mimi mikononi mwake?"

"Hufi, mama. Ni kukubeba tu mpaka garini!"

"Basi nenda wewe. Niache."

"Siwezi kukuacha, unajua siwezi."

"Au mimi nibaki hapa sebuleni," Athuman alisema, "yeye aende na bodaboda, nitampigia mlinzi wa ofisi amfungulie."

"Nikitaka kwenda chooni nikuite wewe?" Mama Gerson alimwuliza. Lilikuwa neno la kwanza alilomwambia ana kwa ana katika maisha yake. Machozi yalikuwa yakimtoka jicho la upande uliolala, lile ambalo hakuweza kulifumba vizuri, na hayakuonekana kama yana uhusiano na sauti yake. "Nimekuwa mtu wa kubebwa na kila mmoja. Na huyu naye? Hapana. Hapana, Penina."

Penina alipiga simu kwa jirani, akaambiwa yuko hospitalini na mwanawe. Akampigia mke wa mchungaji, simu ikaita mpaka ikakatika. Akampigia Gerson bila kujua anampigia ili iwe nini. Kisha akakaa chini pale sebuleni, miguu imenyooka mbele yake, akaacha kupiga. Athuman alirudi mlangoni akachuchumaa kando ya viatu vyake. Wakaisikiliza saa ya ukutani wote watatu, na wote watatu wakaiona ikifika saa kumi, ikapita.

Saa kumi na dakika kumi na nne Batholomeo alipiga.

"Penina, uko wapi? Wamekungoja!"

"Niko nyumbani, Batholomeo. Hawajaachia laini."

"Nimewaambia uko njiani. Nimewaambia uongo, mimi." Alishusha pumzi. "Jina limetoka, dada yangu. Nimeliona likitoka. Labda mwakani wakifungua tena maombi... Pole. Pole sana."

Alimshukuru. Hakujua kwa nini alimshukuru. Alikwenda chumbani, akakaa kwenye kiti chake cha kazi mbele ya kompyuta iliyozimwa, akavaa visikilizi masikioni visivyosema kitu. Athuman alimfuata akasimama kizingitini, mlango ameuacha wazi kwa adabu.

"Nisemeje, Penina?"

"Usiseme."

"Ningekuwa na uwezo wa..."

"Hakuna mwenye uwezo. Joha hana, Batholomeo hana, wewe huna. Nimezungumza na watu kumi na tano wiki hii, wote wapole, wote wamenipa pole." Alivua visikilizi. Hapo ndipo alipoliona kovu, chini ya kidole gumba cha mkono ulioshika fremu ya mlango. Bado lipo. Akaanza kulia, kwa kilio cha mtu aliyechoka, bila kujificha.

Athuman hakumgusa. Alichota maji mtungini, akampa, akangoja ayanywe.

Saa kumi na moja na dakika kumi simu ya Penina ikalia kama inavyolia ujumbe ukiingia. *Ndugu mteja, ombi lako la kusitisha huduma limekamilika. Laini yako imeachiwa. Tunakushukuru kwa kuwa nasi.* Mezani, ile taa ndogo ya mwisho ikapepesa mara mbili, ikawa ya kijani.

Penina alicheka, kicheko kibaya kilichokuwa karibu na kilio. "Angalia," alisema. "Sasa ninao."

Athuman alipima kasi, akaandika kwenye fomu, akampa asaini. Alisaini bila kusoma. Aliporudisha kalamu, Athuman hakuipokea.

"Jumatatu nahamia Tabora," alisema. "Wanafungua tawi. Barua nimeipata wiki iliyopita, nilifurahi, maana Dodoma hii kila kona ina wewe. Sina mke, Penina. Nyumbani wamenitafutia mara mbili, nikakataa mara mbili, wananiona nimelogwa. Nakuuliza neno moja, halafu nakwenda. Nikituma wazee tena, safari hii utasemaje?"

Sebuleni, gurudumu la kiti lilikwaruza sakafu, kisha likatulia.

Penina alifungua mdomo. Alikuwa na jibu. Lilikuwepo miaka sita. Lakini akilini aliliona jicho la mama yake likitoa machozi bila ruhusa, akaona kiti cha magurudumu, nyumba, kesho isiyo na kazi. Nani ataolewa amwache nani kwenye kiti kile? Nani atahamia Tabora? Jibu lilifika kooni likakaa palepale, kama siku ile mbele ya wazee. Safari hii halikutoka hata la uongo.

Athuman alingoja muda mrefu kuliko mwanaume mwingine yeyote angengoja. Kisha akaichukua kalamu.

"Sawa," alisema. "Angalau hujasema hunifahamu."

Alivaa viatu mlangoni, akamuaga mama, akafunga ngazi yake juu ya gari. Penina aliusikia muungurumo wa pikapu ukipungua mpaka ukachanganyika na upepo.

Jioni hiyo Mama Gerson alikataa uji.

"Kazi imekwenda?" aliuliza.

"Imekwenda, mama."

"Yote?"

"Yote."

Mama hakuuliza tena. Penina alimlaza, akamgeuza ubavu, akamfunika. Alipotaka kuondoka aligundua mkono wa kushoto wa mama yake umeshika upindo wa kanga yake. Haukubana. Ulishika tu.

Asubuhi ya Ijumaa alimtoa mama akamweka chumbani kwake, karibu na meza, kwa sababu jua la asubuhi liliingia pale. Alikuwa akimchana nywele simu ilipoita. Mikono yake ilikuwa na mafuta, akaiweka kwenye spika.

"Habari za asubuhi, dada Penina? Naitwa Hamida, napiga kutoka kwa kampuni yako mpya ya mtandao. Jana ulitembelewa na fundi wetu, bwana Athuman. Ningependa maoni yako kidogo. Kwa kiwango cha moja mpaka kumi, alikuhudumiaje?"

Kitana kilisimama kichwani mwa mama.

"Kumi," Penina alisema.

"Aah, hongera zake! Kuna jambo ungependa angelifanya zaidi?"

"Hapana. Alifanya yote."

"Na mtandao unafanya kazi vizuri? Maana ni kazi yake bado hii, kama kuna hitilafu tunamrudisha yeye mwenyewe leo. Baada ya leo anahama kituo, utapangiwa mwingine."

Penina alitazama ruta. Taa zote tatu zilikuwa za kijani, zimetulia, hakuna hata moja iliyopepesa.

"Unafanya..." alianza.

Kitu kikasogea kando yake. Mama Gerson alikuwa ameunyoosha mkono wa kushoto, polepole, ukitetemeka, ukapita juu ya kompyuta mpaka nyuma ya ruta. Vidole vilipapasa, vikaukosa waya, vikaupata. Akauvuta. Ukagoma. Akavuta tena kwa nguvu zote za upande mmoja, na waya ukachomoka, ukaanguka mapajani mwake. Taa ya mwisho ikawa nyekundu.

Penina alimtazama mama yake. Mama hakumtazama. Alikuwa akitazama ukuta, kidevu kimeinuka, mdomo uliopinda umefungwa imara kama alivyoufunga siku zote alipokuwa amekata shauri.

"Mwambie umekatika," Mama Gerson alisema.

"Dada Penina? Bado tuko pamoja?"

"Niko, niko, dada Hamida. Mtandao umekatika."

"Oh, pole sana. Umekatika saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Basi namwandikia. Atakupigia mwenyewe kabla hajafika, simu yako iwe wazi tafadhali."

Simu ilikatika. Penina alibaki amesimama na kitana mkononi, hana kazi, hana mtandao, hajui akimwona Athuman atasema nini wala ataweza kusema. Mama yake aliushika ule waya mapajani kwa mkono wake mmoja, hakutaka kuuachia.

"Malizia kunichana," alisema. "Siwezi kukutwa na mgeni hivi."